Vitaulo vya Rangi ya Ufizi

Wazee walimpa jina la Bi Wasiwasi siku ya pili tu ya kazi, na hawakumwonea. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na watoto watatu waliokwisha kumpita kimo, na bado kila mmoja akitoka nyumbani alikuwa akiulizwa kama amebeba hankachifu. Alikuwa mtu wa kurudi kuhakikisha. Akifunga mlango, anarudi kuusukuma. Akizima jiko, anarudi kulitazama, kisha anarudi tena kulitazama vizuri, kana kwamba jiko ni kitu chenye tabia ya kudanganya. Kitindamimba wake, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye ulimi mrefu, alimwambia siku moja, "Mama, wewe hata peponi utamuuliza malaika kama amefunga geti."

Basi mtu wa namna hiyo akapata kazi ya kuogesha wazee, na kwa mara ya kwanza maishani mwake wasiwasi ukahesabiwa kuwa ujuzi.

Nyumba ya wazee ilikuwa ya chini, haina ngazi, ina korido moja ndefu yenye vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Wazee walikuwa ishirini na wawili. Yeye aligawiwa sita, wale ambao mwili uliwakatalia kabisa kujiosha. Kazi hiyo hakuisomea. Shule aliiacha darasa la sita, na alichojua alikipata kwa kumuuguza mama mkwe wake miaka minne kitandani. Lakini alikijua. Maji aliyapima kwa kiwiko, si kwa kiganja, maana kiganja cha mama wa nyumbani kimeshazoea moto na hakiaminiki. Hakumgusa mzee kabla ya kumwambia anagusa wapi: "Sasa mkono wa kushoto, mama. Sasa kwapa, vumilia, najua linatekenyeka." Alimfunua sehemu anayoiosha tu, kwingine kote shuka. Alikausha katikati ya vidole vya miguu, chini ya matiti, kwenye mkunjo wa paja, kwa kugandamiza polepole bila kusugua, kwa sababu ngozi ya mzee huchubuka kama karatasi iliyolowa. Wekundu wa mahali mtu anapolalia aliuona kabla hata haujajijua kuwa utakuwa kidonda.

Na kulikuwa na kanuni ya vitaulo. Kila mzee alikuwa na vya rangi tatu, vitatu kwa kila rangi: cheupe cha uso, cha bluu cha mwili, chekundu cha chini ya kitovu. Haikubandikwa ukutani, ila kila mtu aliijua. Kulikuwa na mzee mmoja aliyesahau majina ya watoto wake na wakati mwingine hata lake mwenyewe, lakini akiona chekundu kinasogea karibu na kitovu anapiga ukelele: "Shuka! Shuka chini!"

Kilichomnyima Bi Wasiwasi usingizi wakati huo kilikuwa Swali. Katika nyumba ile mwogeshaji mpya hupewa miezi mitatu ya majaribio. Ikiisha, Msimamizi huingia katika chumba cha kila mzee anayeogeshwa naye, anafunga mlango, anauliza kitu kimoja tu: "Huyu aendelee kukuosha?" Ndiyo au hapana, bila maelezo. Wakisema hapana wawili, mtu anarudisha aproni na kuaga. Waogeshaji wanne waliomtangulia walisharudisha aproni, na inasemekana hapana ya kwanza kila mara ilitoka chumba namba tatu, kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza, lakini ulimi ulipona wote. Alizoea kuogeshwa huku anasahihisha. "Umeruka kiwiko." "Hapo umepita kama mtu anayekimbia mvua." Bi Wasiwasi alikuwa akimwogopa na kumpenda kwa pamoja, kama watoto wanavyofanya.

Swali lake lilikuwa Alhamisi. Aliitaka kazi ile kuliko alivyothubutu kukiri. Nyumbani aliambiwa kila siku aache kuhangaika. Hapa mtu alihangaika, na mtu mwingine akalala mkavu.

Jumapili, zikiwa zimebaki siku nne, wasiwasi ulimpanda kichwani. Vitaulo vyekundu vilikuwa vimeletwa vipya wiki hiyo, na mashine ya kufulia ilikuwa inatoa maji ya uvuguvugu. Akajisemea, je, vikibaki na vijidudu? Je, mzee akapata muwasho siku moja kabla ya Swali? Akachukua sufuria kubwa la jikoni lililostaafu, akavitia vitaulo vyote hamsini na vinne vya wazee wake sita, akavichemsha saa nzima pamoja na dawa ya kung'arishia, na akavikoroga kwa mwiko huku roho yake imetulia kama mtu aliyekwisha kusali.

Alipoepua, alitazama ndani, akarudisha kifuniko, akasubiri kidogo, akafunua tena. Alirudi kuhakikisha, ndivyo alivyoumbwa. Lakini safari hii kuhakikisha hakukusaidia. Vyeupe vilikuwa vya waridi. Vyekundu vilikuwa vya waridi. Vya bluu, dawa ilivitoa roho kwanza, kisha wekundu ukavikuta vitupu, na vyenyewe vikawa vya waridi. Vyote hamsini na vinne vilikuwa na rangi moja ya ufizi wa mtoto anayeota meno.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Msimamizi kukiri. Msimamizi, mama mnene mpole aliyezoea mambo, aliviangalia vitaulo vilivyojaa kapu, akauma mdomo asicheke.

"Stoo wataleta vingine baada ya wiki mbili," alisema. "Kwa sasa viandike kwa kalamu ya wino mzito. U ya uso, M ya mwili, C ya chini."

Akaviandika, ulimi nje kwa bidii. Wa kwanza kuogeshwa alikuwa Fundi, mzee aliyeshona nguo za watu miaka hamsini na sasa mikono yake inatetemeka hata kijiko kinamshinda. Kitaulo kilipogusa maji, wino ulijaribu kukimbia na ukapata pa kukimbilia. Fundi alitoka bafuni na U kubwa ya bluu shavuni.

Alisukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka sebuleni, na Mwalimu akamwona.

"Fundi, shavuni kumeandikwa nini?"

"Sijui. Nimeoshwa tu."

"Ni U. Shukuru Mungu. Ingekuwa herufi nyingine tungejua umepanguswa na nini." Mwalimu akageuza kiti chake kwa mkono mmoja. "Bi Wasiwasi! Njoo hapa."

Akaja, kapu mkononi.

"Hivi vyote vilichemka pamoja?"

"Ndiyo, Mwalimu. Saa nzima. Ni safi kuliko sahani."

"Sijauliza usafi. Nimeuliza uso. Nimefundisha miaka thelathini na nne, sitapanguswa uso na kitu ambacho jana hakijulikani kililala wapi. Mikono na miguu, sawa. Kwingine nasubiri wiki mbili."

"Mwalimu, wiki mbili! Na huo mkunjo wa paja wenye wekundu?"

"Mkunjo nao ni wangu."

Fundi akainua mkono unaotetemeka. "Na mimi nimegoma."

"Wewe si umeshaoshwa?" aliuliza Bi Wasiwasi.

"Nimegoma kuanzia hapa."

Kufika chakula cha mchana wazee watano kati ya sita walikuwa wamegoma, akiwemo yule anayesahau, ambaye hakujua mgomo ni wa nini ila aliupenda. Bi Wasiwasi alihesabu. Hapana mbili zilitosha kumwondoa, na alikuwa na tano mkononi. Akaingia chumba cha kufulia akafunga mlango, akalia dakika mbili, akanawa, akarudi kuhakikisha kwamba amefunga bomba.

Aliyebaki bila kugoma ni Babu wa Treni. Alikuwa ameendesha treni za mizigo maisha yake yote, na sasa magoti yalikuwa yamekufa na macho yalizimika mwaka wa nne huu. Alikuwa mpole katika kila kitu isipokuwa kimoja: hakuna kitaulo kilichowahi kugusa uso wake. Uso aliupangusa mwenyewe kwa kiganja kitupu chenye maji, vibaya, na kwenye pembe za macho kulibaki ukoko, na nyuma ya masikio ungeweza kupanda maharage. Kwenye daftari la kituo waogeshaji wote wanne walikuwa wameandika jambo lile lile kwa mwandiko tofauti: mzee mkaidi, anakataa kuoshwa uso. Bi Wasiwasi naye alikuwa ameandika hivyo, polepole, kwa herufi kubwa.

Jumanne alimwogesha mwili kama kawaida. Alipofika shingoni akasimama.

"Babu, wenzio wamegoma. Wewe mbona hujagoma?"

"Nigome kwa nini? Kwangu hakuna kilichobadilika."

"Vitaulo vimekuwa rangi moja, babu."

Mzee akacheka mpaka maji ya beseni yakatikisika. "Kwangu vina rangi moja tangu nilipoingia humu. Kila asubuhi mtu ananiambia, hiki ni cheupe. Sawa. Na mimi ninajuaje? Siku nyingine mtu anaongea na mwenzake mlangoni, kitaulo mkononi, anatania huku anakichovya kwenye beseni. Yeye anakiona. Mimi ninangojea kije usoni." Akapangusa kidevu kwa kiganja. "Hao wamegoma siku moja na nyumba nzima inahangaika. Mimi nina miaka mitatu na miezi nimegoma. Hakuna aliyeniuliza. Waliandika tu."

Bi Wasiwasi alikiweka chini kitaulo. Yeye, anayeona wekundu wa ngozi kabla haujatokea, anayejua ni mzee gani hakumaliza uji wake kwa kumtazama tu anavyokohoa, hili lilikuwa mbele ya macho yake miezi mitatu na akalipita na kalamu.

"Nisamehe, babu," alisema.

"Hujaniudhi. Umenisugua vizuri mgongo. Nipe kimoja hapo nikishike."

Akampa. Mzee akakifinya, akakivuta, akakisugua kwa kidole gumba. "Nipe kingine. Na kingine." Akavipapasa kumi na kitu, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesikia honi anayoijua. "Hiki kipya, manyoya yake bado yamesimama. Hiki kimechoka. Hiki kimechoka. Hiki kipya. Vipya si ndivyo vyekundu?"

Bi Wasiwasi alisimama na povu mikononi. Ni kweli. Vyekundu vilikuwa vimeletwa wiki ile ile, ndiyo maana vilimwaga rangi.

Alimkausha haraka, lakini si haraka ya kusahau vidole vya miguu, akamvisha, akamsukuma mpaka sebuleni na kapu mapajani. Akamwaga vitaulo mezani mbele ya Mwalimu.

"Babu anavijua vyekundu kwa vidole," alisema, pumzi juu juu.

"Anavijua vipi?"

"Nipe nikuonyeshe, Mwalimu," akasema Babu wa Treni. "Wewe mwenye macho, hebu niambie hiki kilikuwa kipi."

Mwalimu akakitazama mbele na nyuma. "Cha waridi," alisema hatimaye, na Fundi akaangua kicheko cha kikohozi.

Mzee akavitenga kimoja kimoja. Kulia vyenye manyoya, kushoto vilivyochoka. Mwalimu akahesabu kwa sauti ya darasani. Vya kulia vilifika kumi na vinane, hasa, bila kupungua wala kuzidi. Mwalimu akakubali jibu bila kusahihisha, na hilo lilikuwa jambo la kuandikwa kwenye daftari.

"Haya," alisema. "Vya chini tumevijua. Lakini vikishafuliwa mara tano navyo vitachoka. Halafu?"

"Viwekwe alama ya kushika," alisema Babu wa Treni. "Si ya kuona."

"Kifungo," alipendekeza Bi Wasiwasi. "Nishone kifungo."

Fundi aligeuka kama mtu aliyetukanwa. "Kifungo kwenye ngozi hizi? Utatuchana kama mikate. Fundo nalo litashika unyevu, linuke. Mwanangu, pembe. Kata pembe. Cha uso kibaki na pembe zake nne. Cha mwili, kata moja. Cha chini, kata zote nne, kiwe duara. Mtu anakipapasa hata akiwa usingizini."

Watu wakatazamana. Yule mzee anayesahau akachukua kitaulo, akapapasa pembe, akatabasamu, akakitia mfukoni.

Jumatano yote, kila alipomaliza kugeuza mtu kitandani au kubadilisha nepi, Bi Wasiwasi alikaa kwenye kiti kifupi kati ya viti vya magurudumu, mkasi na sindano mkononi, anakata na kukunja pindo. Fundi alimsimamia bila huruma.

"Huo ni mshono au ni njia ya siafu?"

"Babu, mimi si fundi."

"Naona. Hata kitaulo kinaona. Fumua."

"Babu, ni cha chini hiki!"

"Basi ndiyo ushone vizuri zaidi, kinakwenda mahali pa heshima!"

Mwalimu alicheka mpaka akaomba agongwe mgongo. Kisha, kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu, alisema kwamba ule mkunjo wa paja ulimwasha tangu asubuhi na kama kuna kitaulo cha duara kilichokwisha kukamilika angeweza kufikiria. Bi Wasiwasi hakusema "Si nilikwambia." Ilimgharimu sana, lakini hakusema. Alimpeleka chumbani, akavuta pazia, akamwosha, akamkausha, akampaka mafuta, akambadilishia ubavu. Ngozi yenye wekundu ilikuwa bado haijachubuka.

Jioni vilikuwa tayari hamsini na vitatu. Cha hamsini na nne kilikuwa mfukoni mwa mtu, na mwenyewe hakukubali kukitoa.

Alhamisi asubuhi aliwaogesha watano. Kila mmoja alipewa kitaulo akipapase kwanza, na kila mmoja alijifanya mtaalamu. Alipofika kwa Babu wa Treni alimwekea kitaulo cha pembe nne mkononi. Mzee akazihesabu pembe taratibu, akafika ya nne, akakirudisha.

"Mwili leo. Uso baada ya Swali."

"Kwa nini, babu?"

"Nisije nikasema ndiyo kwa kuwa umeniosha uso. Na wewe usije ukaniosha uso kwa kuwa unataka ndiyo. Kila kitu kwenye reli yake."

Akakiweka kando, akachukua cha pembe tatu, akamwosha mwili. Miezi mitatu ya kazi, na mtu wa mwisho hajaoshwa uso, na siku yenyewe ndiyo hii.

Saa nne Msimamizi alianza vyumba. Bi Wasiwasi alikaa chumba cha kufulia juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mlango ulifunguliwa, ukafungwa. Kutoka kwa yule anayesahau ilisikika wazi kabisa mpaka koridoni: "Nani? Yule wa shuka chini? Ndiyo!" Kwa Mwalimu mlango ulikaa umefungwa muda mrefu kuliko kwingine. Alirudi kuhakikisha kama bomba limefungwa, mara tatu.

Msimamizi akaja, akasimama mlangoni. "Watano ndiyo. Mmoja hapana. Aproni ni yako."

Alipaswa kufurahi. Badala yake aliuliza, "Nani kakataa?"

"Unajua haisemwi."

Alitoka mbio za polepole, zile za koridoni kusikoruhusiwa kukimbia, moja kwa moja mpaka namba tatu.

"Mwalimu, ni wewe?"

"Mimi? Mimi nimekupa ndiyo ya sita kwa kumi. Ningekufelisha ningekuita mapema nikueleze makosa yako."

Nyuma yake koridoni kiti cha magurudumu kiligonga ukuta. "Ni mimi!" alisema Fundi kwa furaha. "Usitafute zaidi. Nilipiga hesabu, nikajua wenzangu watasema ndiyo. Lakini mtu hawezi kushona vile akapita bila hata hapana moja. Ingekuwa aibu kwa ufundi wote."

"Babu! Roho imenitoka!"

"Irudishe. Na ukipata nafasi ukifumue kile cha mwisho."

Alitaka kukasirika, ikashindikana. Alijaza beseni maji ya moto na ya baridi, akayapima kwa kiwiko, akayapima tena, akaenda namba sita.

Babu wa Treni alikuwa ameketi wima karibu na dirisha, taulo kubwa ameshajitandikia mwenyewe kifuani, kama abiria aliyefika stesheni kabla ya wakati. Akanyoosha mkono. Akahesabu pembe: moja, mbili, tatu, nne. Akamrudishia, akafumba macho ambayo hayakuwa na haja ya kufumbwa, akauinua uso.

"Naanza na jicho la kulia, babu. Kutoka puani kwenda nje."

"Anza."

Aliloweka ukoko ule kwanza, hakuuvuta, akauacha ulainike wenyewe. Kisha upande mwingine wa kitaulo kwa jicho la kushoto. Paji la uso. Mashavu, ambayo kumbe yalikuwa na makovu mawili madogo ya ndui yaliyojificha siku zote. Pembe za mdomo. Mabega ya mzee yalishuka kidogo kidogo, kama mzigo unaoteremshwa behewa moja moja.

"Nyuma ya sikio umepaacha," alisema.

"Sijafika, babu."

"Basi fika, mwanangu. Mbona unakwenda kama treni ya mizigo?"